Uzi Mwekundu kwenye Mbegu za Zambarau

Mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini, watu wenye bunduki walichoma ghala langu la maharage, na tangu siku hiyo sijaamka bila kuchoka. Naanza hapo kwa sababu wako wanaosema shida zangu zilianza na bangi. Hapana. Bangi ilinikuta huku Minnesota, Marekani, mtu mzima tayari, magoti mabovu.

Shule nilisoma miaka mitatu. Nilichosoma kweli ni mbegu. Kwetu, upande wa ziwa, mwanamke anajulikana kwa mbegu zake. Kabla ya mavuno unapita shambani, na mmea uliokupendeza unaufunga uzi mwekundu. Mbegu zake huzipiki hata njaa ikubane namna gani. Chupa ya kuzihifadhi nayo unaifunga uzi ule ule, ili kila mtu wa nyumba ajue kwamba hizi ndizo bora. Na mbegu hainyimwi. Jirani akiomba, unatoa, na unatoa zile nzuri.

Tulifika 2008, mimi na mdogo wangu wa kiume na mke wake. Binti yangu alibaki kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka. Siku ya kuandikishwa alikuwa amelazwa na malaria, jina lake likakosekana kwenye karatasi, na mimi nikapanda ndege nikidhani atafuata mwezi ujao. Alikuwa na miaka kumi na saba. Nilipompata mwanasheria, muda wa kumwombea mtoto kama mkimbizi ulikuwa umepita, akaniambia njia iliyobaki ni moja: nipate uraia, kisha nimwombe. Uraia ningeweza kuuomba vuli ya 2013, mradi faili langu liwe safi. Nilisikia "safi" nikafikiri kuiba na kupigana. Bangi sikuiweka humo. Baba yangu alikuwa anawapa mbuzi wenye kikohozi.

Kazi yangu ilikuwa kukunja mashuka kwenye hoteli moja Richfield, karibu na uwanja wa ndege. Baada ya miaka mitatu vidole vilikataa kufunga ngumi. Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori, na siku moja alirudi kutoka magharibi na mbegu tisa za bangi ndani ya pakiti ya chingamu. Akaniambia, "Yaya," maana kwetu dada mkubwa ndiye yaya, "watu wanaitafuta hii ya zambarau, na haipatikani. Wewe mkono wako unaotesha hata mawe."

Nikapanda kwenye chumba cha chini ya nyumba tuliyokodi Crystal. Ndoo, udongo, taa. Katika tisa, mbili tu ndizo zilizotoka zambarau, nyingine kijani kama mchicha. Mdogo wangu alitaka ning'oe madume yote, kwa sababu dume likibaki majike yanazaa mbegu, na wavutaji hawapendi mbegu. Nikamwambia shamba lisilo na mbegu ni shamba la mwaka mmoja, na mimi si mtu wa mwaka mmoja. Nikaacha dume moja lenye shina la zambarau. Alilalamika wiki nzima kwamba nimeharibu mavuno. Mimi nilikuwa na chupa imejaa.

Kulikuwa na udanganyifu mle ndani, na hakuna aliyenifundisha kuujua. Ndoo zilizokaa karibu na ukuta wa nje, baridi ya Januari ilikuwa inazipaka rangi. Zilipendeza, lakini rangi ile ilikuwa ya baridi, si ya ukoo. Nikazihamishia zote karibu na mashine ya kupasha nyumba joto, nikangoja. Zilizobaki zambarau kwenye joto ndizo nilizozifunga uzi. Kufikia mwisho wa 2012, nikipanda kumi, tisa zinatoka zambarau mpaka kwenye kikonyo. Sijavuta hata siku moja. Nilitaka rangi, na niliipata, mimi niliyeishia darasa la tatu. Mdogo wangu alikuwa anayachukua mavuno kwenda kuyauza anakokujua yeye, mimi nikaacha mashuka.

Masika ya 2013, theluji ilipoisha, mama mchungaji wetu alifungua bustani nyuma ya kanisa, akapita kwa wanawake kuomba mbegu za mboga ya lengalenga na maharage. Alipofika kwangu sikuwepo. Alikuwepo wifi yangu, mke wa mdogo wangu, mtoto wa mjini asiyetofautisha mbegu na mbegu, lakini aliyefunzwa vizuri. Alishuka chini, akaona chupa zangu zimepangwa, akatafuta yenye uzi mwekundu. Shamba ni la Mungu, angetoa nini kingine? Hakunitajia. Mtu aliyetoa mbegu hatangazi.

Mimi bustanini sikwenda, magoti hayakunipa nafasi. Nilikwenda Jumapili moja ya mwisho wa Agosti, baada ya ibada, mama mchungaji aliponishika mkono akisema lazima nione zawadi yangu. Nyuma ya mistari ya maharage ilisimama mimea kumi na moja, imenifika kifuani, vichwa vimeanza kugeuka zambarau. Niliitambua kama mtu anavyotambua watoto wake kwenye kundi. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni, sitaficha, kilikuwa fahari. Cha pili kilikuwa binti yangu. Karatasi zangu zilikuwa mezani kwa mwanasheria, zimebaki kutiwa sahihi.

"Mama, maua yako yametushinda kwa uzuri," akasema. "Siku ya mavuno tutayapanga mbele ya mimbari."

Ningeweza kunyamaza. Nikawaza majina ya wenye bustani yameandikwa kwenye kibao pale mlangoni, la mama mchungaji la kwanza.

"Mama mchungaji, hayo si maua. Ni bangi. Na ni yangu."

Aliitazama mimea, akanitazama mimi.

"Yote kumi na moja?"

"Yote."

"Na mimi nimeimwagilia tangu Mei. Tena nimeiombea."

Nilitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Akaniuliza polisi akipita leo atampeleka nani, na nikishikwa mimi, yule mtoto wa kambini atamngoja nani. Akavua viatu vyake vya ibada, akapandisha kitenge, akasema, "Shika jembe."

Tuling'oa sisi wawili, tukaikatakata, tukaifukia chini ya samadi. Wifi yangu alipoambiwa alikaa kwenye nyasi akalia, akisema alitoa zilizo bora. Nikamwambia ni kweli, alitoa zilizo bora, hakukosea.

Nyumbani nikang'oa ndoo zote. Mdogo wangu aliniita mwoga, akakaa miezi bila kunisalimia. Zikabaki mbegu. Maisha yangu yote sijawahi kuharibu mbegu, hata tulipokuwa tunakimbia niliifunga mkononi. Nikaweka sufuria jikoni, maji yakachemka, nikazimimina, nikasimama pale mpaka zikapasuka. Uzi niliufungua kwanza.

Mwanasheria nilimwambia yote. Alisema kwenye usaili wataniuliza, na nikidanganya wakigundua, faili linakufa pamoja na la mtoto. Akasema ningoje miaka mitano safi, safi kweli. Nilimpigia binti yangu nikamweleza. Akauliza, "Mama, kwa sababu ya rangi?" Nikasema ndiyo.

Nilirudi kwenye mashuka na vidole vile vile. Niliapa kuwa raia 2019. Ombi lake liliingia mwezi uliofuata, na bado linatembea. Ana watoto wawili ambao nawajua kwa sura ya simu.

Leo nina nyumba ndogo Crystal, kwa jina langu. Gari moja la kijivu, mlango wa nyuma haufunguki. Friza ya sombe, majani ya muhogo. Pasipoti. Barua yenye namba ya ombi la binti yangu. Vitanda vitatu vilivyotandikwa, kimoja ndicho ninacholalia. Ndoo kumi na mbili, tupu. Chupa nne za maharage, moja ina uzi mwekundu.