Bastola za Kaskazini Nilizoazimwa Maryland

"Wamarekani hawa hata mwavuli hawakuazimi," aliniambia mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja Silver Spring, Mmombasa kama mimi. "Sembuse bastola. Mgeni, mweusi, na diploma yako ya Kenya. Lala uote jingine, bwana."

Nilikuwa fundi katika duka la kutengeneza bunduki huko Laurel, na fundi mzuri, sioni haya kusema. Mwaka ule tajiri wangu alipata meza kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa silaha za kale, akaniachia niipambe kwa bastola za kijeshi za nchi za Kaskazini mwa Ulaya. Duka halikuwa na hata moja. Ilibidi niwaombe wateja, wazee ambao hawakuwaruhusu hata watoto wao kuzigusa.

Niliwaendea na kuwaeleza nilichokiona ndani ya bastola zao. Ile ya Norwe ina kitasa cha kuachilia mtambo wa juu, kilichorefushwa pembeni ili kidole gumba kikifikie bila taabu. Ya Ufini ina kipande kidogo kinachousukuma mtambo urudi kwa kasi, maana kwenye baridi kali mafuta huwa mazito. Vipande vilipigwa tupa kwa mkono mpaka vikaketi, ndipo vikachapwa namba. Waliozitengeneza walifikiria vidole vilivyokufa ganzi. Wazee walinisikiliza, wakanikaribisha ndani, wakanipa. Wote niliowaomba. Nawashukuru mpaka leo, kila nishikapo tupa katika karakana yangu hapa Mombasa.

Siku ya maonyesho, mwenzangu alitokea na birika la kahawa na sinia ya halua. Kwetu mgeni hapokewi mkavu. Kabla sijamzuia, mtu mmoja aliyetoka kula halua alikwisha kuikamata ile ya Ufini, mali ya mzee wa Upper Marlboro aliyekuwa mgumu kuliko wote. Sukari ikapenya kati ya mshiko na chuma.

"Pangusa juu, nani atajua?" alisema mwenzangu.

"Sukari huvuta unyevu. Chuma kitashika kutu chini kwa chini."

"Basi ifungue."

Kufungua ndiko kulikotisha. Mkusanyaji hutazama kwanza vichwa vya skrubu. Bisibisi isiyolingana ikikwaruza ule ufa wa kichwani mwa skrubu, bastola imeshuka hadhi milele. Jioni ile, tuliporudi dukani, nikachukua bisibisi yangu, nikainoa kwa tupa, nikaijaribu, nikainoa tena, mpaka ncha ikajaa ufani bila kucheza. Skrubu zikalegea kwa upole. Nikasafisha, nikapaka mafuta, nikafunga.

Tulizirudisha moja moja kwa gari la tajiri wangu, na kila mzee nilimshukuru mlangoni kwake. Upper Marlboro tulifika mwisho. Nilimweleza yule mzee yote, halua na mengine, kabla hajaipokea. Aliipeleka dirishani, akatoa kioo cha kukuzia, akazikagua skrubu upande huu na upande ule. Tajiri wangu alikuwa akitazama viatu vyake.

"Nani alizifungua?"

"Mimi, mzee."

"Mimi naona hazijaguswa," alisema. Akailaza bastola katika kasha lake, akafunga kifuniko, akanipa mkono. Nilikuwa nimemrudishia kila mtu chake.