Gia ya Pili ya Niyibizi

Kwetu Murungu mwenye gari habebi ingobyi. Ndivyo tulivyokubaliana: wanaume wote tunapokezana machela hiyo ya kusuka kumpeleka mgonjwa hospitali, ila mwenye gari hutoa gari. Niyibizi aliponunua Haisi kuukuu ya kupakia abiria kati ya Kibondo na Kasulu, bega lake likastaafu, akalitunza kama la bwana harusi. Sisi wengine nasi tukazembea. Ingobyi ikabaki inaning'inia jikoni kwa Mzee Venanti, kamba zikaliwa na panya.

Masika hii gia ya pili ikaanza kuchomoka. Kila akipanda mlima, Niyibizi aliushikilia mkono wa gia kama anayemzuia mbuzi asiingie kwenye mahindi. Abiria walidhani ni mbwembwe za udereva.

Makarius, fundi wake wa Kasulu, aliliendesha gari kidogo tu akalizima. Alisema giaboksi lazima ishushwe, na vipuri vya kuagiza vitachukua wiki kadhaa. Akitaka kubahatisha aendelee, lakini ajue iko siku litamgomea mlimani. Niyibizi akasema atafikiria, akarudi nalo.

Alifikiria kweli, maana usingizi ulimpaa. Irakoze, jirani yake, alikuwa katika mwezi wake wa mwisho. Mtoto wa kwanza alimpata kwa kupasuliwa, na wakunga walimkataza kupanda pikipiki. Niyibizi alikuwa amemwahidi mumewe, Dieudonné, mbele ya watu, kwamba gari lipo. Kulipeleka kwa fundi ni kuvunja ahadi. Kunyamaza ni kumpakia mama mjamzito huku akiomba gia isichomoke kwenye mlima wa mtoni, ulio njiani kwenda hospitali. Tena kulikuwa na jambo jingine, dogo na la aibu, alilolijua yeye na mkewe Pelagia: alipenda mno kuitwa mwenye gari.

Pelagia hakumsumbua kwa maneno mengi. "Baba Arielle," alimwambia, "mficha maradhi kifo humuumbua. Ila hapa maradhi ni yako, kifo ni cha mwenzako."

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, Niyibizi akasimama. Alisema gari lake halipandi mlima, wasilitegemee. Nilimwonea huruma. Dieudonné aliinamisha kichwa. Mzee Venanti hakuwa na mahubiri. Tulipotoka nje aliwasimamisha wawili hao bega kwa bega, kwa kuwa wabebaji huoanishwa kwa urefu.

"Mnalingana," alisema. "Mtashika mbele."

Siku ileile tukasuka kamba mpya, na kesho yake Haisi ikaenda Kasulu taratibu, tupu.

Uchungu ulimshika Irakoze asubuhi ya mvua. Tulimbeba kwa zamu, tukibadilishana bila kusimama. Kwenye mlima wa mtoni bega la Niyibizi lilikuwa limeshachubuka, lakini kila aliyetaka kumpokea alimkatalia. Dieudonné alikwenda naye sambamba, hatua kwa hatua.

Mlangoni pa hospitali, Niyibizi akaanza tena kuomba radhi kwa ajili ya gari. Irakoze akamshika mkono kabla hawajamwingiza ndani.

"Kwenye gari lako ningekuwa nawaza gia njia nzima," alisema. "Humu kwenye ingobyi nimemwaza mtoto tu."