Kimya cha Chumbani kwa Agape

Mtu anayeishi Makanyagio hapa Mpanda akianza kulalamikia kelele, ahamie porini akalale na viboko, na hao nao wanakoroma. Agape alikuwa halalamiki. Fundi cherehani hana masikio ya kuchagua, anashona huku redio ya jirani inaimba na bodaboda zinapiga honi mlangoni. Masikio yalimfunguka siku mama yake, Kabula, alipofika kutoka Usevya ili binti ampeleke Mbeya kufanyiwa upasuaji.

Kabula alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alishawaeleza bila kuzunguka: koromeo la sauti lingetolewa lote, mama angepona, lakini hangesema tena. Na Agape alikuwa na mimba ya kwanza, iliyokuja baada ya mawifi kumchoka na yeye kujichoka. Aliomba jambo moja tu, mtoto wake aje amsikie bibi yake akiimba ule wimbo wa kubembeleza, na akisimulia hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa. Simu ilikuwepo, sauti bado ilikuwepo ijapokuwa imekwaruza, basi kuna ugumu gani?

Rekodi ya kwanza alipoisikiliza, fisi alikuwa anaposa ndani ya mashine ya kusaga.

Mashine ilikuwa ng'ambo ya barabara, na Agape mwenyewe alikuwa kaizoea hata haisikii. Akaanza kuwinda kelele. Alizima friji ya mpangaji mwenzake, nyama ikaharibika na maneno yakawa mengi. Aligundua simu ikiwa kwenye chaji inaunguruma, akaichomoa. Alimfunika jogoo kwa tenga, jogoo akaona usiku umeingia, akanyamaza kidogo, kisha akaona kumekucha, akawika. Alitundika mablanketi ukutani, akaegemeza godoro dirishani, mpaka mume wake Yotham akamuuliza, "Mke wangu, leo tunalala juu ya nini?" Jua likipanda, bati nalo linaalika tu, ta, ta, ta, na bati hulifuniki kwa tenga.

Akaenda kwa mwenye mashine kumwomba azime kidogo.

"Dada, watu wana mahindi yao hapa foleni," akamjibu, wala hakumjibu vibaya. "Niwaambie wasubiri hadithi?"

Agape akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akalia. Mama yake alimtazama, akataka kumwuliza kinachomliza, kikohozi kikamzuia. Kila siku sauti ilikuwa inapungua, na safari ya Mbeya ilikuwa kesho alfajiri.

Ndipo akampigia Cyriaque, kijana wa Katumba anayerekodi kwaya za makanisa. Cyriaque akamtumia programu ya kuweka kwenye simu, akamweleza taratibu.

"Kabla mama hajaanza, rekodi kwanza chumba kikiwa kimya. Programu inajifunza: hii ni mashine, hili ni bati. Halafu popote itakapozikuta kelele hizo, inazifuta. Ila kiwe chumba kitupu, dada. Asiwepo mtu. Umenipata?"

"Nimekupata."

Alimpata kweli. Tatizo ni kwamba Kabula alikuwa ameshaketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, anavuta pumzi kwa mluzi. Chumba kina mlango mmoja, na mlango unatokea sebuleni. Sebuleni alikuwa Yotham, kavua shati kwa joto, anakula ugali. Kwa watu wa kwao Agape mama mkwe hapiti mbele ya mkwe wake anayekula, tena kifua wazi. Tangu afike, Kabula alikuwa akisikia hatua za Yotham anajivuta pembeni na kujifunika khanga, na Yotham akimsalimia mkwewe yuko nyuma ya mlango. Sasa umtoe huyo mama mgonjwa, umpitishe kwenye sahani ya mkwe, eti kwa sababu ya simu? Au umwambie mume aache chakula? Hata mimi ningeshindwa, na sina haya nyingi.

"Mayu, kaa kimya kidogo tu," Agape alimwambia mama yake, akabonyeza.

Kimya ni kimya, alijiambia. Kabula alikaa kwa utii, anapumua. Kabla programu haijamaliza, akaona binti yake anaitazama simu tu, akauliza jambo kwa sauti ya chini. Agape akamwekea kidole mdomoni.

Kisha mama akaimba. Akasimulia. Fisi aliposa, akaumbuka kwa kuchungulia mifupa jikoni kwa wakwe, akakimbia. Kabula mwenyewe alicheka pale mwishoni mpaka machozi yakamtoka. Agape akaisafisha rekodi, akasikiliza mwanzo kwa haraka kwenye spika ya simu. Mashine ya kusaga haikuwepo! Furaha ikampanda kichwani. Sauti aliiona nyembamba, akailaumu spika. Simu ikamwandikia imejaa. Akafuta zile chafu zote, hata hii ya mwisho kabla ya kusafishwa, moja baada ya moja, kwa raha ya mtu anayefagia uwanja.

Alfajiri wakapanda basi. Mbeya madaktari walifanya kama walivyoahidi, Kabula akapona, akarudi na tundu shingoni analopumulia. Ni hapo tu Agape alipovaa spika za masikioni akasikiliza vizuri.

Hakukuwa na mama. Kulikuwa na mtu anayeongea kutoka chini ya maji, maneno yanaibuka na kuzama, na kicheko chote kimefutwa. Programu ilijifunza ilichofundishwa: bati, mashine, na koo la Kabula.

Cyriaque aliisikiliza, akaishika simu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hairudi, dada," alisema. "Kilichofutwa kimefutwa." Hakumuuliza kama chumba kilikuwa kitupu.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu alizaliwa msimu wa mahindi mabichi, wa kike, mwenye mapafu ya kushinda mashine. Jioni moja Kabula alikuwa amempakata, na Agape, kwa kukosa la kufanya, akawasha ile hadithi. Kabula alisikiliza. Akainua macho, akazungusha kiganja hewani: huyu ni nani?

Agape alitafuta ndani ya simu, akakuta kitu kimoja ambacho hakukifuta kwa sababu hakukihesabu kuwa rekodi. Kile kimya. Akakiwasha.

Mashine inanguruma. Bati linaalika. Jogoo yuko mbali. Na karibu kabisa na sikio, pumzi ya mluzi, inaingia, inatoka. Kabula akaacha kumtikisa mtoto. Mwishoni, ikiwa safi, imekwaruza, haijaguswa na programu yoyote, ikaja sauti yake mwenyewe:

"Nianze sasa, mwanangu?"

Kabula aligeuka akamtazama binti yake, kama mtu ambaye bado anangoja jibu. Na Agape alikumbuka alichomjibu siku ile. Alimwekea kidole mdomoni.