Gari Lililowaka Ufunguo Ukiwa Mfukoni

Baba alinipigia simu nikiwa karakanani kwangu, Mabwerebwere, Kilosa, akaniambia pikapu yake inakula betri. Jioni anaizima vizuri, asubuhi imekufa kabisa. Alikuwa ameshanunua betri mpya, na yenyewe ikaliwa vilevile.

"Usimwite fundi mwingine," nikamwambia. "Nakuja mwenyewe."

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilijifunza Morogoro, nikafungua karakana Kilosa, na kwa miaka yote hiyo baba hakuwahi kuniita nimtengenezee gari lake. Alikuwa dereva maisha yake yote na aliamini gari lake analijua. Kwa hiyo kesho yake asubuhi nilipanda basi la Mikumi na begi langu la vifaa nikiwa na furaha ya mtu aliyeitwa mahali pa heshima.

Nilimkuta yeye na mama uani kwao. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Kunywa chai kwanza," mama akasema.

"Aangalie gari kwanza," baba akasema.

Pikapu yenyewe ni ya zamani, ya dizeli, ya wakati ambao gari lilizimwa kwa kuvuta kinobu kwenye dashibodi. Injini ya namna hiyo ikishawaka haihitaji tena umeme kuendelea kuwaka. Ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko mdogo, mgongo wake ukielekea barabarani na pua ikitazama kibanda cha udongo ambacho ni jiko la mama.

"Hendibreki inashika?" nikauliza.

"Ilikufa zamani. Nimeliacha kwenye gia na nimeweka jiwe nyuma ya tairi."

Nikaona inatosha. Ufunguo alikuwa nao yeye mwenyewe mfukoni. Gari lililozimwa, lenye jiwe nyuma, lingekwenda wapi?

Nilifungua waya wa hasi kwenye betri, nikaunga taa yangu ya kupimia kati ya waya na betri. Kila kitu kikiwa kimezimwa, taa ile haipaswi kuwaka. Ikawaka, kwa unyonge, kama kijinga kinachotaka kuzimika. Kulikuwa na mahali umeme unavuja. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja, nikitegemea ile yenye kosa ikitoka taa itazimika. Zote zikatoka, taa bado inawaka. Nikatenga oltaneta, mashine inayochaji betri. Taa ikaendelea kuwaka.

"Basi ni selfu, ile mota ya kuwashia injini," nikamwambia baba, "au nyaya zinazokwenda kwenye selfu."

Nilirudisha waya wa betri, nikaukaza kwa mkono tu kwa kuwa nilijua nitauondoa tena, kisha nikalala chini nikaingia uvunguni na mita yangu. Nyaya za selfu zilipita karibu mno na bomba la moshi. Nilizivuta kidogo ili nione nyuma yake, nikaziachia zirudi zilipokuwa.

Hapo mama akatokea jikoni, akaniona miguu tu.

"Hebu toka hapo! Unalala kwenye mchanga kama huna kwenu? Chukua gunia hili utandike."

Nilitaka kumwambia aache, nimeshazoea. Lakini mama yangu akishakuja na kitu mkononi haachi. Nikajivuta nje, nikasimama, nikanyoosha mkono kulipokea gunia.

Gari likalia.

Selfu ilizunguka, gari likaruka mbele kama limepigwa teke, injini ikashika moto, likaondoka. Hapakuwa na mtu ndani. Tairi la nyuma lilipita pale nilipokuwa nimelala, likaiponda mita yangu, nikasikia plastiki ikipasuka. Likapita kando ya mama kiasi cha kumgusa kanga, likaenda moja kwa moja jikoni. Ukuta ukaanguka ndani. Sufuria ya maharage ikapinduka, majivu yakatimka uani kote.

Ukuta uliizima injini, lakini selfu haikuacha. Iliendelea kusaga na kusukuma, na moshi wa plastiki ukaanza kutoka kwenye boneti. Nilikimbia bila kufikiri, nikafungua boneti, nikaushika ule waya wa hasi kwa upande wa gwanda langu la kazi nikaung'oa. Kukawa kimya.

Nilipogeuka, mama alikuwa ameketi chini, gunia kifuani. Baba alikuwa amesimama palepale. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akautazama.

"Ufunguo huu hapa," akasema. Halafu akarudia, safari hii akiniuliza mimi: "Ufunguo si huu hapa?"

Nilikwenda nikakaa karibu na mama. Alinishika paja, akalibonyeza, akalishika la pili, kama anayehakikisha yote mawili yapo. Majirani walikuja mbio wakiuliza dereva yuko wapi. Baba akawaonyesha ufunguo.

Mchana nilishika spana tena. Waya mnene utokao kwenye betri na waya mwembamba unaoiamrisha selfu zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kipande cha mpira wa tairi. Joto la bomba lilikuwa limeyeyusha ganda la zote mbili. Kwa muda mrefu umeme ulikuwa ukipenya kidogo kidogo kupitia masizi, ndiyo maana betri ilikufa kila usiku. Asubuhi ile nilipozivuta na kuziachia, zilijikunja taratibu kurudi mahali pake mpaka shaba ikaigusa shaba, selfu ikapata amri ambayo hakuna mtu aliyeitoa.

Nilitupa nyaya zote mbili. Mpya nilizipitisha mbali na bomba, kila mmoja njia yake, ndani ya mpira mgumu, na nikaweka swichi ya kukata betri ambayo baba anaifikia akiwa kwenye kiti. Kwa hendibreki tulimwita fundi wa breki siku hiyohiyo, baba akiwa amesimama juu yake mpaka alipomaliza. Kesho yake asubuhi gari liliwaka mara moja. Hakuna aliyeshangilia.

Baba alinirudisha Kilosa nalo kwa njia inayopita kijiji cha Ulaya, mama akiwa katikati yetu. Tulipofika karakanani, mama aliyatazama magari ya wateja yaliyonisubiri.

"Ukitaka kuingia chini ya gari, uwe unanipigia simu kwanza," akasema.

"Mama, naingia kila siku."

"Basi nipigie kila siku."

Mpaka leo nampigia. Hupokea, huniuliza kama nimeweka mawe mbele na nyuma, kisha hukaa kwenye simu bila kusema neno mpaka nimwambie nimetoka.