Koti la Kufunikia Fimbo

Sajini aliyetufundisha sisi askari wa akiba pale Uvira alikuwa mtu wa kuchungulia. Kila asubuhi alipita mbele ya mstari wetu, akaichukua fimbo ya kila mmoja, akafumba jicho la kushoto na kuitazama ncha kama anayetazama ndani ya mtutu wa bunduki. "Chafu!" alikuwa akisema, na mwenye fimbo alikimbia mpaka ziwani na kurudi, mara tano. Fimbo! Tuliwapigania wazungu vita vyao, wakaturudisha kwetu, halafu wakatuita tena mazoezini wiki tatu, msimu wa kupanda mpunga, na hawakuthubutu kutukabidhi bunduki hata moja. Sajini hakuwahi kuiita fimbo; kwake ilikuwa bunduki. Kidole gumba chake kilisugua mti wake mahali pale pale, ambapo bunduki huwa na kifungio cha usalama, mpaka pakang'aa.

Siku mvua ilipotukuta uwanjani, alituamuru tuvue mashati tuzifunike fimbo zetu. Yeye alitangulia kuvua koti. Mke wangu Florentine, aliyekuwa ameniletea unga kutoka Sange, alishindwa kunyamaza. "Weye Sajini, miche yetu iko inaoza kule, na weye unafunika kuni?"

Nilitaka Sajini amtukane, nipate sababu ya kumpiga. Hakumtukana. Alisema polepole, maji yakimchuruzika kifuani, "Mama, ile ya kweli walininyang'anya siku walinirudisha nyumbani. Uniachie hii."

Nikaifunga fimbo yangu ndani ya shati, kwa mafundo mawili, kwa hasira, si kwa Sajini tena, mpaka meno yakaniuma.