Uongo Mmoja kwa Kipindi

Saa nane mchana ukipita nje ya Kidato cha Pili B utasikia pumzi za watu waliolala, basi. Wanafunzi sitini na wawili wamelaza vichwa juu ya madawati, mwalimu mpya anasoma kitabu kwa sauti ya mtu anayejisomea mwenyewe, na bati la paa linajinyoosha kwa joto, ta, ta, ta. Miezi michache iliyopita, saa hiyo hiyo, kelele za darasa hili zilivuka uwanja hadi ofisi ya walimu. Sisi tuliokuwa na vipindi jirani tulifunga madirisha kwa hasira. Siku hizi tunayaacha wazi. Hakuna anayekiri, lakini tunatega masikio.

Aliyeondoka na kelele hizo alikuwa mwalimu wa Jiografia, mtu mrefu, mpole, mabega yameinama kana kwamba kila mlango aliowahi kupita ulikuwa mfupi. Kwa miaka kumi na tisa wanafunzi walimwita Nusukaputi, na alilijua jina hilo. Sauti yake ilikuwa laini, haipandi wala haishuki, na hata waliokuja na nia njema walidondoka mmoja mmoja, kama nguo kwenye kamba isiyo na vibanio. Aliwahi kumwambia mke wake kwamba kinachomchosha si kazi, ni kuongea siku nzima na visogo.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka, Mwalimu Mkuu alimwita ofisini.

"Darasa lako limeshika mkia," alisema mama huyo, bila kumtazama. "Wakianguka tena, nakutoa darasani. Sikufukuzi. Lakini chaki hutaishika."

Alirudi nyumbani kwa miguu na usiku ule hakufumba macho. Hakuwa mtu wa kilimo wala mifugo, wala mpira haukumvutia. Alijua jambo moja tu duniani: kusimama mbele ya watu na kuwaeleza mvua inatoka wapi.

Kesho yake, kwa uchovu, akasema jua huchomoza magharibi. Akaendelea. Hakutambua alichokisema.

"Mwalimu, hapo umetudanganya."

Sauti ilitoka dawati la mwisho, kwa binti waliyemwita Blanketi, kwa sababu tangu Januari alikuwa amejifunika sweta kichwani.

"Wapi?"

"Jua. Umesema linatoka magharibi."

"Blanketi ameamka!" mwingine akapaza sauti. "Basi kweli jua limepotea njia!"

Darasa likaangua kicheko, na vichwa sitini na viwili vikainuka kwa pamoja. Mwalimu alisimama na chaki mkononi. Yule wa dirishani kumbe ana mwanya. Yule wa katikati ana kovu juu ya nyusi. Miezi mitano alikuwa amewafundisha watu hawa, na leo ndiyo kwanza anaziona sura zao.

Angeweza kuomba radhi. Badala yake akasema, "Vizuri sana. Niliuweka makusudi. Kuanzia leo kila kipindi kina uongo mmoja. Atakayeukamata atakaa kwenye kiti changu mpaka kengele ilie."

Hilo la makusudi lenyewe halikuwa kweli, lakini hakuna aliyelikamata.

Tangu hapo, kila jioni alikaa mezani na daftari dogo, akitunga. Mke wake, fundi cherehani, alimwangalia kwa jicho la pembeni siku tatu, ya nne akasimamisha mashine.

"Baba watoto, unaandika nini hasa?"

"Uongo wa kesho."

"Wa kumwambia nani?"

"Wanafunzi."

"Haya. Na wangu unauandika wapi?"

Amani ikatoka nyumbani. Akisema amechelewa kwa sababu ya kikao, mke anauliza, "Ndio wa leo huo, au nisubiri?" Akisifia mboga, mke anaweka kijiko chini na kumkazia macho.

Darasani mambo yalikuwa mengine kabisa. Aligundua kwamba uongo una ufundi wake. Ukiwa mkubwa unakamatwa mapema na watu wanarudi kulala; ukiwa mdogo mno unapita salama, na mtoto anakwenda nao nyumbani. Akajifunza kuuweka dakika ya thelathini na tano, umevaa nguo za ukweli, katikati ya maelezo ya pepo na mikondo ya bahari. Ili kuufikia ilibidi wasikilize dakika thelathini na nne za Jiografia safi. Walikuja na vitabu vya kuazima. Waligombana mapumzikoni kuhusu volkano. Wawili walishikana mashati kwa ajili ya mawe ya chokaa.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio kutoka ofisi ya elimu. Pili B wakafaulu kuliko madarasa yote, na karatasi zao zote sitini na mbili zilikuwa na sentensi moja iliyofanana: "Swali la tisa ndilo la uongo." Swali la tisa liliuliza kwa nini vivuli huwa virefu kuliko wakati wote saa sita mchana. Aliyelitunga alikuwa na cheo na hasira. Sentensi moja kwenye karatasi sitini na mbili, ofisi ikasema, ni dalili ya kuibia. Wakamtuma mkaguzi.

Mkaguzi alikuja na mkoba na shati lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akapewa kiti cha mwalimu, kwa kuwa hakikuwepo kingine. Mwalimu Mkuu akasimama mlangoni.

"Kazi yako iko mikononi mwake," alimnong'oneza mwalimu. "Leo fundisha kama watu."

Na mwalimu, kwa hofu, akafanya kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu Mei: akafundisha kipindi kizima bila uongo hata mmoja.

Dakika ya thelathini na tano ikapita. Darasa likaanza kuhangaika. Ya arobaini, mwenye mwanya akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mito kuelekea baharini, hapo sina hakika."

"Ni kweli, mwanangu. Kaa."

"Basi ni mvuke! Mvuke haupandi juu!"

"Unapanda."

Wakayashambulia yote. Wakakana mawingu, wakakana milima. Mkaguzi akaandika harakaharaka: darasa zima halikubali kwamba dunia ni duara.

"Tulieni," mwalimu akasema, jasho likimtoka. "Leo hakuna uongo."

Halafu Blanketi akasimama taratibu, kama anayekata kauli mahakamani.

"Huo ndio uongo wenyewe."

Darasa likalipuka kwa makofi. Blanketi akaenda mbele na kusimama kando ya mkaguzi.

"Samahani mzee. Hicho kiti ni changu."

"Kiti kipi?"

"Ulichokalia. Nimeushika mimi."

Mkaguzi alimtazama mwalimu. Mwalimu alitazama sakafu. Hakuna ajuaye kwa nini mtu mzima yule alitii, lakini alinyanyuka, akakusanya karatasi zake, akaenda kusimama nyuma karibu na ndoo ya maji, na binti akakaa, miguu haigusi chini.

Huenda mambo yangeishia hapo. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alipofunga mkoba aliona ni vyema kuacha neno la kutia moyo.

"Wanafunzi," alisema, "mna bidii. Nimeona mnavyobanana. Nawaahidi, mwezi ujao ofisi yetu italeta madawati mapya."

Mikono sitini na miwili ikapanda juu.

"Huo hapo! Huo hapo, mwalimu!"

Mlangoni, Mwalimu Mkuu aliziba uso kwa kiganja. Mwalimu wa Jiografia alijua kwamba pale pale alipaswa kukemea, kupiga meza, kusema mgeni hadanganyi. Bado angeweza kuiokoa chaki yake. Walikuwa wakimtazama wote, macho hayo aliyoyasubiri miaka kumi na tisa, wakingoja hukumu. Kisha, kwa sauti yake ile ile isiyopanda wala kushuka, akasema:

"Mmejitahidi. Nani alinyoosha wa kwanza?"

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Haikumlaumu kwa lolote. Ilisema ofisi imetambua kipaji chake na inamhitaji huko.

Sasa yuko ofisi ya elimu, ghorofa ya pili, chumba cha faili. Anaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa tisa na nusu, na chumbani humo yuko peke yake.