Ampli Juu ya Injini

Mume wangu ni dereva wa lori, na kama madereva wengi wa Goma, anajua kila kitu. Anajua mvua itanyesha saa ngapi. Anajua kama gunia lina viazi vilivyooza kwa kulipiga teke tu. Na siku aliponunua ampli, ile mashine ya chuma inayokuza sauti ya muziki, alijua pia pa kuiweka. Aliiweka juu ya injini.

Lori letu ni la zamani, la pua fupi, na injini yake imekaa ndani ya kabini, kati ya kiti cha dereva na kiti changu, chini ya mfuniko wa bati uliotandikwa zulia. Ukiondoa mlima wetu unaotoa moshi, sidhani kama kuna mahali penye joto zaidi katika Kivu ya Kaskazini. Mimi hupasha hapo chakula chetu: ukiweka sufuria ya maharagwe mnapotoka Kibumba, mkifika mjini mnakula ya moto. Hapo ndipo alipoona panafaa kukaa kifaa ambacho chenyewe, kikifanya kazi, hupata moto kama pasi. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwangalifu, aliifunga kwa kitenge changu ili vumbi lisiingie, na juu ya kitenge akakunjia blanketi ili wezi wasiione. Kuna watoto wachanga hawajafunikwa vizuri namna hiyo.

Kazi yetu ni moja. Yeye anaendesha, mimi nanunua kabichi, karoti na viazi kwa wakulima wa Kibumba na kuviuza sokoni Goma. Mara mbili kwa wiki tunapanda pamoja asubuhi, na mchana tunashuka na mzigo. Tulikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa. Yote ya kuambiana tulikuwa tumekwisha kuambiana, au hivyo nilidhani, na ndani ya kabini tulikuwa tukikaa kama abiria wawili wasiojuana. Ampli na spika zake nne zilikuja kujaza nafasi hiyo.

Na kweli zilijaza. Safari ya kwanza muziki ulipiga mpaka kioo cha pembeni kikatetemeka, na mbuzi wakatupisha barabarani bila honi. Mume wangu alikuwa anatabasamu kama padri siku ya Pasaka. Baada ya nusu saa hivi, katikati ya wimbo, kimya. Taa ndogo nyekundu ikawaka chini ya blanketi. Aliigonga ampli kwa ngumi, haikujibu. Tulipofika mjini na kupakua, ikaamka yenyewe na kuwaimbia wapakuzi, ambao hawakuwa wameiomba.

Ikawa hivyo kila safari. Pale malori yanapoegeshwa, madereva wenzake walikusanyika kuchunguza ugonjwa, kila mmoja akiwa na uhakika wake. Wa kwanza alisema ameuziwa kitu cha uongo. Wa pili alisema kuna mtu anamwonea wivu. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata redio ya mkononi, ndiye aliyesema kwa muda mrefu kuliko wote: tatizo ni joto, na dawa ya joto ni baridi. Lilikuwa neno la kweli, na mume wangu alilishika kwa njia mbaya kuliko zote.

Alianza na majani ya kabichi. Aliyachambua kwenye mzigo wangu na kuyalaza juu ya ampli, chini ya blanketi. Majani yaliiva vizuri. Kisha akajaribu kitambaa kibichi. Waya ulitoa cheche, akasema hiyo ni dalili nzuri, inaonyesha umeme upo. Mwisho alishuka mpaka soko la Kituku, kando ya ziwa, kwa mama mmoja anayeuza samaki wa barafu, akarudi na mfuko wa barafu iliyopasuliwa. Siku hiyo muziki ulifika mbali kuliko siku zote, naye akanitazama kama mtu aliyevumbua umeme. Kisha barafu ikayeyuka, maji yakapita kwenye zulia hadi ndani ya viatu vyangu, na ampli ikazimika vilevile. Kwa wiki mbili kabini ilinuka samaki, na wateja wangu wakawa wananusa kabichi kabla ya kuuliza bei.

Sasa, ndani ya katoni ya ampli kulikuwa na kijitabu cha maelezo. Mume wangu hasomi vijitabu. Anasema vimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuendesha gari huku kwetu. Mimi nilifika sekondari, na Kifaransa changu kinatosha kusoma karatasi za dawa. Siku moja, tukingoja wakulima wajaze magunia, nilikisoma. Ilinichukua kama dakika kumi. Kilisema usiiweke karibu na injini. Usiifunike. Acha nafasi pande zote hewa ipite. Isimamishe ili joto lipande juu. Tumia waya mnene. Kulikuwa hata na picha ya ampli iliyofunikwa kitambaa, na msalaba mkubwa umechorwa juu yake. Kitambaa cha kwenye picha kilifanana kabisa na kitenge changu.

Nilikitia kijitabu mkobani, nikapanga kumwambia tukianza kushuka.

Tukiwa njiani ampli ilizimika kama kawaida. Aliigonga mara moja, bila matumaini, akanyamaza. Baada ya muda akaanza kuongea. Alisema baba yake alikuwa dereva pia, upande wa Bukavu, na yeye akiwa mdogo alikuwa anakaa juu ya mfuniko wa injini kama huu ili miguu isipate baridi. Baba huyo hakuwa anasema neno njiani, asubuhi mpaka jioni. Alipokufa, watu wa kwaya walikuja kuuliza waimbe wimbo gani alioupenda, na mtoto wake aliyekaa naye garini miaka yote ile hakujua la kuwajibu. Akasema kimya cha ndani ya kabini ni kimya cha baba yake, na kinamtisha. Ndiyo maana alinunua muziki.

Nilikuwa najua kipimo cha suruali za mtu huyu, na maoni yake juu ya kila padri aliyepita parokiani. Hilo sikulijua.

Kijitabu kilibaki mkobani. Nilijiambia nitamwambia safari ijayo. Safari hiyo ilipofika ampli ilizimika, na yeye akanieleza kwamba barabara yetu hii ya Rutshuru inamtetemesha magoti tangu breki zilipomkatalia mara moja, jambo alilowaficha watu wote kwa sababu dereva hatetemeki. Safari iliyofuata aliungama kwamba sombe ya mama yangu, ile mboga ya majani ya muhogo, haijawahi kumpendeza, na kwamba ameila miaka kumi na miwili kwa heshima. Nikawa naingoja ile taa nyekundu kama mwanafunzi anavyongoja kengele ya mwisho. Na kwa kuwa naandika ukweli, niseme na hili: mara moja au mbili blanketi lilipoteleza, mimi ndiye niliyelirudisha na kulibana pembeni. Mke mwema hujali mali ya mumewe.

Hali hiyo ilidumu wiki saba.

Ijumaa moja tulikuwa tunashuka, kabichi zimepanda mpaka kwenye turubai. Ampli ilikuwa imezimika na kurudi mara mbili, na sasa ilikuwa inapiga. Nilisikia harufu, nikamwambia maharagwe yangu yanashika sufuria. Kisha moshi ukatoka pembeni mwa blanketi. Alisimamisha lori kando ya barabara, nami nikaruka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nilipogeuka alikuwa amelivuta blanketi na kitenge kwa mkono mtupu. Plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka ndani ya kitambaa, ikamganda kwenye kiganja. Hakupiga kelele. Alishuka, akazunguka mpaka kwenye betri, na kwa mkono mwingine akang'oa waya. Moshi ukapungua, ukaisha.

Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka mashambani walisimama kutazama. Mmoja wao, bila kuombwa, alimmiminia mkononi maji yake yote ya kunywa, pole pole, mpaka kidumu kikaisha, akaendelea na safari yake.

Mume wangu alikaa kwenye ngazi ya kabini, kiganja kimegeuzwa juu, ngozi imetoka. Aliniambia anamshukuru Mungu kwamba nilikuwepo, maana peke yake asingesikia ile harufu mapema. Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilifungua mkoba, nikampa kijitabu, kikiwa wazi kwenye picha.

Aliitazama ile picha. "Ulisoma hii lini?"

"Wiki saba zimepita."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

Ningeweza kumjibu kwamba asingenisikiliza, na ingekuwa kweli. "Juu muziki ikizimika," nikasema, "unaniongelesha."

Alinirudishia kijitabu, akaendesha mpaka mjini kwa mkono mmoja.

Siku mbili aliongea nami mezani tu, kuomba chumvi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kufikiri jinsi nilivyokaribia kuchoma mume, lori na kabichi zetu kwa ajili ya maongezi. Siku ya tatu, kiganja kikiwa kimefungwa bandeji, alisimama mlangoni akaniambia tunaenda kwa muzee wa redio, na nije na ile kitabu.

Muzee huyo ni Mwislamu wa asili ya Maniema, ana kibanda cha mbao huko mtaa wa Birere, na mikono yake imetengeneza redio za nusu ya mji. Aliinua mabaki ya kitenge kwa vidole viwili, akatazama mfuniko wa injini, akamtazama mume wangu.

"Papa, hii ampli haina kosa," alisema. "Mutu ana homa, weye unamulalisha juu ya jiko na kumufunika blanketi."

Nilicheka. Mume wangu akasema taratibu kwamba mama huyu alijua. Muzee alinigeukia, na kicheko changu kikaisha.

Alifanya kazi asubuhi nzima. Ampli, ambayo kwa bahati haikuungua ndani, aliihamishia kwenye ukuta wa nyuma ya viti, mbali na injini, ikiwa imesimama ili joto lipande na kutoka. Kati yake na ukuta alibana vipande vifupi vya bomba hewa ipite. Juu yake akafunga feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu. Ule waya mwembamba, ambao alisema unafaa kwa kengele ya mlango, aliutupa, akaweka mnene wenye fyuzi, na kisanduku cha kupunguza umeme, maana lori lina umeme mkali na ampli ni ya gari dogo. Mume wangu alivumilia yote. Lakini muzee alipoondoa spika mbili kati ya nne, akisema ampli haina nguvu za kulisha midomo minne, alitoka nje akasimama peke yake kama mtu kwenye matanga.

Safari iliyofuata muziki ulipiga kwenda na kurudi bila kukatika hata mara moja. Niliigusa ampli, ilikuwa vuguvugu tu. Nilikaa nikitazama mashamba yakipita, na sikuwa na haki ya kulalamika. Safari ya pili ilikuwa hivyohivyo.

Safari ya tatu, tukiwa tumeiacha Kibumba nyuma kidogo, alinyoosha mkono wenye bandeji, akaizima ampli.

Nilimuuliza kama imepata moto.

"Hapana. Iko baridi."

Alibadilisha gia, macho mbele. Kisha akasema tairi la nyuma, upande wangu, linatoa mlio asioupenda, na kama kuna kitu najua kuhusu tairi hilo, ni vizuri nikiseme sasa. Nikamwambia kuhusu tairi sijui lolote. Akasema haya, basi atanieleza yeye, akaanza na tairi la kwanza alilowahi kubadilisha maishani mwake, mahali gani na mvua gani, na tulipofika mjini alikuwa bado hajafika kwenye la pili.